Waliotazama

Muuza udi hapigi kelele,
moshi ndio mpiga debe wake.
Lakini moshi haupiti kwenye simu,
kwa hiyo mimi, ghorofa ya tatu hapa Wete,
natega kwa picha, nasubiri macho.

Wenzangu wanahesabu walioulizia.
Mie walioulizia siwahesabu.
"Bei gani dada?" Naijibu, kisha kimya,
kama jiwe ulilolitupa kisimani
usisikie maji.
Mnunuzi haulizi. Mnunuzi anarudi.

Nimejifunza kusoma nyayo.
Kopa lililobonyezwa saa saba za usiku
likafutwa saa saba na dakika moja:
humo ndani mna harusi, na mume hajaambiwa gharama.
Aliyemtaja wifi yake chini ya picha na vicheko vitatu
anataka kununuliwa, hataki kununua;
kwa huyo namtafuta wifi.
Na Raya wa Mtambwe, aliyebadilisha picha yake
akaweka mkono mtupu, mkono una hina,
nilimwandikia kabla hina haijakauka
nikamuuzia singo, liwa na vikuba viwili.
Shangazi akasema nina jini.
Sina jini. Nina bando la wiki.

Ila Mchanga wa Limbani alinisumbua.
Kila picha, yeye wa kwanza.
Nikiweka alfajiri, yupo.
Nikiweka usiku wa manane, yupo.
Hana neno, hana kopa, hana hata kidole gumba,
jina lake tu, chini kabisa ya orodha,
kama kiatu kilichovuliwa mlangoni
na mwenyewe humwoni ndani.

Nikauliza huku na huku.
Nikaambiwa: yumo edani.
Miezi minne na siku kumi, hajipaki, hajifukizi.

Niliona haya. Kisha, niseme kweli,
nikaitoa kalenda.
Haya haikukizuia kidole kuhesabu.
Nikamwekea kando udi wa sukari, tola mbili,
na kichupa cha haludi, ile ya kweli,
nikavifunga kwa karatasi ya dhahabu.
Pua iliyofungwa miezi minne, nikajiambia,
siku ya kufunguliwa itanunua duka zima.

Eda ikesha. Kesho yake,
sijamaliza hata salamu ya kumtongozea,
ujumbe ukaingia. Wake.

"Asalaam aleikum. Samahani kwa usumbufu.
Ile meza unayowekea vichupa.
Ukipiga picha, unaweza kuvisogeza kidogo kushoto?
Pale pembeni pana ua. Halionekani."

Nikaviondoa vyote, nikaviweka sakafuni.
Kijimeza hiki nilikinunua Chake, elfu kumi na tano,
kwa mtu aliyekuwa na haraka ya nauli.
Miaka mitatu nakifuta vumbi, sijakitazama.
Ua lipo. Petali saba zimechongwa,
ya nane mstari tu, patasi haijafika.
Nikakipindua.
Kwa penseli nene ya fundi, karibu na mguu:
kumi na nane kwa kumi na mbili,
na jina, Shaame.

Sikujua nimwandikie nini.
"Pole" ilikuwa imechelewa miezi minne,
na kalenda bado ilikuwa wazi mezani kwa jikoni,
na siku zangu zote nilizozikata kwa wino mwekundu.

Kile kifurushi cha dhahabu kimenunuliwa na mtu mwingine.
Jana nikakiweka kijimeza dirishani, kitupu,
jua likilala upande wa ua,
nikapiga, nikatuma. Hakuna bidhaa, hakuna maelezo.

Wametazama watu arubaini na mmoja.
Wanne wameuliza: "Bei gani dada?"

Chini kabisa ya orodha, Mchanga.
Hajauliza.